Barua ya wazi: Wafugaji wapewe mlango wa sauti kwenye huduma za serikali

Kwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali; kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano, Barabara ya Waiyaki; na kwa wakuu wa kampuni zote za simu nchini.

Waheshimiwa,

Ombi langu ni moja, na naliweka hapa mwanzoni ili asiye na wakati alisome kisha aendelee na kazi zake. Kila huduma ya serikali iliyohamishiwa kwenye simu iwe na laini ya sauti, ya kupigwa bure, inayozungumza lugha za wafugaji na wawindaji wa nchi hii. Tuanze na Kimaa, Kiborana, Kiturkana, Kirendille na Kipokot, nyingine zifuate. Mtu apige, aulizwe kwa lugha ya nyumbani kwao, ajibu kwa mdomo au kwa kubonyeza tarakimu, amalize shughuli yake bila kusoma herufi hata moja.

Nina duka la M-Pesa lenye saiba ndogo upande wa nyuma, hapa Kiamaiko, karibu na machinjio ya mbuzi. Anayeijua Nairobi anaijua Kiamaiko. Mbuzi hushushwa kwa malori kutoka Marsabit, Isiolo, Moyale na Samburu, na kabla ya saa sita nyama imeshapanda bodaboda kwenda kwenye mahoteli ya mji mzima. Wateja wangu ni Waborana, Waburji, Wagabra, Warendille, Wasamburu, Wasomali. Wapo pia Wamaasai, soja wa usiku katika mitaa ya wenye nazo na vijana wanaosuka rasta mjini. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nayaona kutoka nyuma ya kaunta, mchana kutwa.

Kuna watu wanaopenda kusema kwamba jamii hizi zimeachwa nyuma na teknolojia kwa sababu zinashikilia mila. Waje wasimame hapa dukani asubuhi moja tu. M-Pesa ilianza Machi 2007, wakati barabara ya kutoka Isiolo kwenda Moyale bado ilikuwa vumbi na majambazi, na mfanyabiashara wa mbuzi alisafiri na noti amezificha mwilini. Hakuna aliyehitaji kumfanyia semina ili aelewe faida ya kutuma pesa zikatangulia. Siku hizi simu ya kwanza ya alfajiri hapa si ya kujuliana hali, ni ya bei. Mfugaji aliye Merille anamuuliza binamu yake Kiamaiko mbuzi dume wa kilo fulani anakwenda kwa ngapi leo, ndipo aamue kama atamswaga hadi sokoni au atamwacha ale majani wiki nyingine. Dalali aliyezoea kumwambia mfugaji bei yoyote iliyomjia kichwani amepunguziwa ulaji. Hajaisha, maana naye ana simu, tena amekaa penye mtandao siku zote. Lakini hawezi tena kudanganya kwa raha zake.

Ukame uliotupiga kuanzia mwisho wa 2020, mvua zikakosa misimu mitano mfululizo kule kaskazini, ulionyesha jambo hilohilo kwa uchungu zaidi. Vijana waliotangulizwa kutafuta malisho walikuwa wakirekodi sauti na kupiga picha: majani yako hivi, kisima kina foleni hii, kabila fulani limeshafika na limekubali tukae kwa masharti haya. Wazee wanasikiliza, wanaamua. Sitaki kuipaka simu asali. Simu hiyohiyo ndiyo inayomwelekeza mwizi wa mifugo zizi lililobaki na walinzi wachache. Ninachosema ni kwamba watu hawa waliichukua simu mapema, wakaipa kazi zao wenyewe. Na karibu kazi zote hizo ni za kusema na kusikia.

Niwaonyeshe mtu mmoja. Ni soja, kwao ni upande wa Narok, hupita dukani jioni kabla ya kuingia lindo. Simu yake ni janja, ya mitumba, kioo kimepasuka pembeni. Ukiifungua WhatsApp yake huoni neno lililoandikwa; ni jumbe za sauti kutoka juu hadi chini. Mke wake amehifadhiwa kwa nyota mbili, mama yake kwa kijipicha cha ng'ombe, mwajiri wake kwa ufunguo. Jioni moja alikuwa akisikiliza kikao kizima pale kaunta, nikamwomba anifasirie. Mbuzi wa mtu wameingia shamba la jirani. Wazee walikuwa wakizungumza kwa zamu, kila mmoja na ujumbe wake mrefu, hakuna anayemkatiza mwenzake, mdogo hasemi mpaka mkubwa amalize. Yeye aliye Nairobi alipofikiwa zamu yake akasogea kando, akasimama wima, akasema yake kwenye simu kwa dakika kadhaa, akarudi kunilipa. Baraza lote lilikuwa limehamia ndani ya simu na adabu zake kamili.

Mtu huyohuyo, mwambie ajaze fomu ya serikali, ananipa simu na kitambulisho na kusema, "Mama, nifanyie." Mzee mwenye neno barazani anageuka mtu wa kushikwa mkono.

Hapa pana jambo ambalo nadhani halijulikani huko maofisini. Wengi wa wateja wangu wasiosoma wanajua tarakimu vizuri sana. Huwezi kufanya biashara ya mifugo bila tarakimu. Wanasoma salio, wanahakiki nambari ya ajenti, wanakamata shilingi hamsini iliyopungua haraka kuliko mimi. Kinachowashinda ni herufi. Kwa hiyo menyu ya simu hawaisomi, wameikariri kwa vidole: bonyeza hii, kisha hii, weka nambari, weka kiasi. Sasa kampuni inapoamua kupanga upya menyu yake, ikasukuma bidhaa mpya ya mkopo juu ya orodha, mtu wa aina hii anakuwa kama aliyeamka usiku akakuta milango ya nyumba yake imehamishwa. Kuna mama aliyetaka kuangalia salio tu, akajikuta amekopa. Alikuja kuniuliza ni nani amemtumia zile pesa. Jina la kampuni silitaji, na sidhani ilikusudia ubaya. Nadhani tu kwamba hapakuwa na mtu yeyote katika kile chumba aliyefikiria kuna binadamu anayetumia menyu bila kuisoma.

Sasa tuje kwenye huduma za serikali, ambako mtu hana hiari ya kusema basi naacha. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa kwenye eCitizen, tovuti yake ya huduma. Oktoba 2024 bima ya afya ikahama kutoka NHIF kwenda SHA, na usajili ukawa kwa *147# au mtandaoni. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba anayoishi na hali ya kaya yake, ili ikadiriwe atalipa kiasi gani. Mama wa Laisamis au Loiyangalani anasomewa maswali hayo na nani? Na mtoto wake, na mwalimu, au na kijana wa duka anayelipwa kwa kila mtu anayemsajili. Na uzoefu wangu ni kwamba anayesoma maswali ndiye anayeishia kuyajibu. Ana haraka, foleni ni ndefu, kikao cha simu hukatika ukichelewa, basi anabonyeza tu kipengele kinachofanana na kingine. Baadaye kompyuta ya Nairobi inamkadiria mama huyo kwa majibu ambayo hajawahi kuyatoa.

Halafu kuna zile nambari za uthibitisho. Kijana mmoja, Msamburu, alikuwa akimfuatilia mama yake huduma fulani ya serikali kupitia kompyuta yangu. Mfumo ukatuma nambari kwenye simu ya mama. Mama yuko kwao, bondeni, na mtandao uko juu ya kilima. Tukampigia jirani aliye karibu na kilima, jirani akamtuma mtoto amwite mama, mama akapanda, ujumbe ukaingia, mtoto akatusomea tarakimu. Muda wake ulikuwa umekwisha zamani. Tukaomba nyingine. Nayo ikafika wakati mama ameshaanza kushuka, kwa sababu jua limekuwa kali na aliacha mtoto mchanga nyumbani. Mfumo ule ulitengenezwa kwa mtu mwenye simu mfukoni, mtandao saa zote, na kidole kilicho tayari. Ongezeni huo muda, jamani. Hilo halihitaji hata bajeti.

Laini yenyewe mara nyingi si ya mtu mmoja. Mwaka 2022, laini za simu ziliposajiliwa upya na siku ya mwisho ikasogezwa kutoka 15 Aprili hadi 15 Oktoba, hapa dukani ilionekana wazi laini ngapi za akina mama ziko kwa jina la mume, kaka au mpwa mwenye kitambulisho. Mwenye jina ndiye anayeweza kuirudisha laini ikipotea, na ndiye anayeweza kuichukua kesho wakikosana. Wanawake wanaijua thamani ya laini yao kuliko sisi tunavyodhani: ni mahali pa kuweka pesa ya maziwa bila kila mtu kuihesabu. Mambo ya mume na mke siyaingilii, ila mfumo unaoamini kwamba laini moja ni mtu mmoja utakosea sana huko.

Najua jibu la kwanza litakuwa minara. Mtasema mnajenga, na ni kweli mnajenga. Sheria ya mawasiliano iliporekebishwa mwaka 2009 iliunda hazina ya huduma kwa wote, na kampuni zinachangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka. Kuna vijiji ambavyo visingekuwa na busta hata leo bila pesa hizo, nami nashukuru, maana kila busta linalosimama huko linaniletea wateja hapa. Yapo pia mengine yaliyojaribiwa. Julai 2020 maputo ya kampuni ya Loon yalipaa juu ya Baringo na kwingineko yakisambaza intaneti ya Telkom, Januari 2021 mradi ukatangazwa kufungwa, maputo yakatuacha na picha nzuri. Starlink, intaneti ya setilaiti, imefika 2023, kwa anayeweza kununua mtambo. Mpango wa serikali wa kilomita 100,000 za faiba na sehemu 25,000 za waifai unaendelea. Sawa. Lakini mtandao ukifika na kumkuta mtu na ukurasa wa Kiingereza, amefikiwa na nini hasa?

Jibu la pili litakuwa Kiswahili. Mnacho Kiswahili kwenye laini, bonyeza mbili. Mimi ni mtu wa Kiswahili, nakila na kukilalia, na bado nasema hakitoshi. Mwanamume aliyewahi kufanya kazi mjini anakijua. Mama aliyekaa miaka yote Mlima Kulal au ndani ya Loita anakijua cha salamu na cha bei ya sukari, si cha kueleza ujauzito au mpaka wa ardhi. Na kwa wale waliosoma, kuandika lugha zao ni kazi nyingine kabisa. Kimaa kina irabu ambazo kibodi ya kawaida ya simu haina, na tena ni lugha ya toni: neno hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na hilo kwa kawaida haliandikwi. Ndiyo maana hata vijana wa Kimaasai waliomaliza chuo wakiandikiana huandika Kiswahili au Kiingereza, na wakitaka kuzungumza Kimaa sawasawa hubonyeza kinasa sauti.

La tatu: watoto watawasomea. Wanasoma, naam. Mtoto wa darasa la saba anamsomea baba yake ujumbe wa deni, anamsomea mama yake majibu ya kliniki. Fikirieni kama ni ninyi.

La nne ni gharama, na hili lina uzito, kwa hiyo nalijibu kwa urefu kidogo. Siombi kompyuta inayoelewa kila neno la Kirendille; hiyo ije ikija. Naomba maswali yaliyokwisha kuandikwa yarekodiwe na binadamu, na majibu yapokewe kwa tarakimu ambazo watu wanazijua tayari. Hiyo ni teknolojia ya kizamani. Benki zimekuwa zikitusomea "bonyeza moja, bonyeza mbili" tangu zamani, na kampuni yetu kubwa ya simu mwaka 2018 ilizindua Jitambulishe, inayomtambua mteja kwa sauti yake. Wafasiri nao wapo. KBC imetangaza kutoka Isiolo kwa lugha za kaskazini kwa miaka mingi, na redio za Kimaa zinasikika Kajiado, Narok na Samburu. Watangazaji hawa ndio wanaojua namna ya kumweleza mzee "bima" na "uthibitisho" asikereke. Waajiriwe wao, si kampuni itakayotumia tafsiri ya mashine halafu ilipwe mamilioni. Panapohitajika maelezo marefu, laini imuunganishe mtu na mhudumu anayejua lugha hiyo, na vijana wasio na kazi wa Maralal na Lodwar wanaoweza kazi hiyo ni wengi.

Wala hamfanyi hisani. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iendeleze matumizi ya lugha za jamii asilia, na cha 56 kinayataka makundi yaliyotengwa yawekewe mipango ya kuendeleza lugha zao na kufikiwa na huduma. Kifungu cha 260 kinawataja wafugaji na jamii za wawindaji na waokota matunda kwa maneno yasiyohitaji wakili. Umoja wa Mataifa umetenga 2022 hadi 2032 kuwa muongo wa lugha za asili. Mwaka 2007, lilipopigiwa kura Azimio la Haki za Watu wa Asili, Kenya haikuunga mkono wala haikupinga. Miaka imepita, tunaweza kuwa na msimamo sasa.

Jamii ndogo zisisahauliwe kwa kisingizio cha idadi. Waogiek wa Mau walilazimika kwenda hadi Mahakama ya Afrika, Arusha, wakashinda 26 Mei 2017 na kuamuliwa fidia Juni 2022. Watu wenye kesi kama hiyo wanahitaji kusikia kuhusu ardhi yao kwa lugha yao, si kupitia kwa mtu wa kati. Waelmolo wa ufuo wa Ziwa Turkana leo wanasema Kisamburu, ambacho ni tawi la Kimaa, na Wayaaku wa msitu wa Mukogodo wanasema Kimaa, huku wazee wanaokumbuka Kiyaaku wakihesabika. Kwao laini ya Kimaa itafanya kazi. Ila kama mashine za kurekodi ziko njiani kwenda Laikipia, wazee hao nao warekodiwe, maana hazitapita tena.

Na hapo kwenye kurekodi, nina sharti. Agosti 2023 tuliona foleni pale jumba la mikutano la KICC, watu wakichunguzwa mboni za macho na mradi wa Worldcoin kwa ahadi ya pesa za kidijitali, mpaka serikali ikasimamisha. Sauti ni kama hiyo mboni. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo. Basi atakayerekodiwa aelezwe, kwa lugha yake, sauti itatumika wapi, na alipwe. Sitaki kusikia kwamba sauti ya nyanya wa Wamba imefundisha mashine ya mtu ng'ambo na yeye mwenyewe hana hata kredito ya kumpigia mwanawe.

Laini iwe ya bure kabisa, nasisitiza. Kredito na bando vinatozwa ushuru wa asilimia 15, na maelezo ya sauti huchukua muda mrefu kuliko kubonyeza. Ukimtoza mtu kwa dakika, atakata kabla ya swali la tatu. Na mpaka laini hiyo ianze kufanya kazi, karatasi isiondolewe kwa chifu. Huduma inayopatikana mtandaoni peke yake, kwa mtu huyu haipo.

Mwisho ni kuhusu kutushirikisha. Mkianza kukusanya maoni, tafadhali msiweke fomu ya PDF kwenye tovuti na kutangaza mkutano mmoja hotelini. Nendeni siku ya soko Suswa, Kiserian, Merille. Au njooni Kiamaiko, ni nusu saa tu kutoka Waiyaki kama hakuna jam, siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana watu wakiwa msikitini. Leteni kinasa sauti badala ya kalamu. Nitawatafutia viti, na wafasiri wa Kiborana, Kirendille na Kimaa nitawapata palepale kaunta. Chai na malipo yao ni juu yenu.

Wenu,
Mama wa duka la M-Pesa,
Kiamaiko, Nairobi